Maneno ya Kuvikwa

Harufu ya dawa ya kuchua ilimkuta mchambuzi ofisini mchana kweupe, madirisha yamefungwa. Aliijua ya nani. Dada wa mapokezi alikuwa akijipaka vidoleni kila alipomaliza kuchapa, na dada wa mapokezi alishazikwa.

Kazi ya mchambuzi ilikuwa kumtambua mtu kwa uandishi wake. Umletee barua pepe isiyo na jina, ailinganishe na nyingine, akwambie ni ya fulani, na watu waamini kama kiapo. Basi zilipoanza kumwagika barua pepe za kumchafua mkurugenzi, akakabidhiwa yeye kumsaka mwandishi. Mwizi kapewa ufunguo! Barua zile alizituma mwenyewe, kwa kinyongo cha kunyimwa cheo. Akamtaja dada wa mapokezi, kwa kuwa hakuwa na wa kumtetea.

Dada akafukuzwa kama mbwa. Hakuna ofisi iliyomtaka tena, na presha ikamwondoa. Siku anafungasha vitu vyake alisimama mlangoni kwa mchambuzi, akamwambia taratibu, "Umenivika maneno yako, kaka. Na mimi nitakuvika yangu."

Mchambuzi alicheka moyoni. Hakujua kwamba kwao dada yule kulikuwa na jini wa kurithi, asiyesamehe.

Sasa harufu ikaja na sauti. Vitufe vya kompyuta vilianza kubonyea vyenyewe, ta-ta-ta, kwa mwendo ule ule wa marehemu, na kwenye kioo yakajipanga maneno yaliyoanza na "Habari za kwenu, wapendwa," kama alivyozoea kuanza yeye, yakaendelea kusimulia nani hasa alimchafua mkurugenzi, na mchambuzi akifuta yanarudi, akichomoa waya yanarudi, mpaka shati likalowa jasho.

Akamwingiza mganga kwa mlango wa nyuma. Mganga akafukiza ubani, akasoma, akanyunyiza maji kwenye vitufe. Vikanyamaza, na harufu ikaisha.

"Ametoka?" mchambuzi alinong'ona.

"Kwenye mashine, ametoka," alisema mganga, huku akifungasha vitu vyake haraka bila kumtazama usoni.

Mchambuzi akashusha pumzi. Akamwandikia mkewe ujumbe kwamba leo anarudi mapema, ampashie maji ya kuoga. Jibu likaja upesi.

"Wewe ni nani, na simu ya mume wangu umeipata wapi?"

Akausoma ujumbe alioutuma. *Habari za kwenu, wapendwa. Mwenye simu hii alinisingizia, nami nikafa.* Akaandika tena, akataja jina lake, jina la mtoto wao, mambo ya chumbani wanayoyajua wawili tu. Yakatoka yale yale. Akaona heri apige, mkewe asikie sauti yake.

Mkewe alipokea. Mchambuzi akafungua kinywa, na pumzi yake mwenyewe ikamnukia dawa ya kuchua.

"Habari za kwenu, wapendwa," ikasema sauti ya kike.

Mkewe akakata simu.