Victoire Anazaa Jumamosi

– Kitsa, Victoire ni nani?

Tonge la fufu lilikuwa karibu na mdomo wa Kitsa. Likarudi kwenye sahani. Simu yake ilikuwa mkononi mwa mchumba wake, Emérence, na ujumbe ulikuwa bado unawaka:

"Victoire anaumwa sana. Anazaa samedi. Ile pagne uifiche muzuri, Patron asijue. Ananie."

– Ni... ni dada ya Ananie.

– Dada ya Ananie ni Kasika. Yeye njo ananisukaka nywele.

– Iko na dada mwingine.

– Kwa mama gani?

Kitsa akanawa mikono kabla ya kushiba, jambo ambalo halijawahi kutokea katika nyumba ile ya kina Emérence, mtaa wa Mususa. Akaaga, akarukia pikipiki ya kukodi, akapotea. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini huyu wa kwetu aliimaliza kwa mbio.

Emérence akabaki anaangalia sombe la majani ya muhogo linavyopoa. Jumapili ijayo ukoo wa Kitsa ulikuwa unakuja na mbuzi wa mahari, na sasa kuna mwanamke mwenye mimba na kitenge cha siri! Akampigia Ananie, mwenzake Kitsa wa kazini.

– Ananie, ile mimba ya Victoire, baba yake ni nani?

– Ni siye bote, Emérence.

– Bote nani?

– Batu ya usine, kwetu ku kiwanda. Hata bamama bamo.

– Bamama bamemupa Victoire mimba?

– Emérence, réseau ni mubaya...

Simu ikakatika. Akamwandikia Kitsa: "Vendredi ulienda Beni. Victoire iko Beni?"

Jibu likaja: "Iko Beni, iko na Butembo pia. Acha samedi ipite, nitakueleza yote. Nakupenda."

Mwanamke gani huyo anayekaa miji miwili kwa pamoja? Emérence alilia, akacheka, akalia tena.

Asubuhi alikwenda kwa mtu ambaye hajawahi kumwangusha: mjomba wake Syauswa, kaka wa mama yake. Mzee huyo ndiye Patron, mwenye kiwanda cha sabuni. Emérence alikuwa sekretari wake, Kitsa na Ananie walikoroga sabuni kwenye mapipa.

– Mujomba, Kitsa iko na mwanamuke. Anaitwa Victoire.

Akamweleza yote. Mjomba alimpa kitambaa chake mwenyewe ajifute machozi.

– Pole, mutoto yangu. Anazaa siku gani?

– Samedi.

– Na ile pagne iko wapi?

– Sijue.

– Kule Beni, Kitsa aliingia ku dépôt yangu, ghala ya sabuni?

Hapo Emérence akaona maswali haya si ya mjomba mwenye huruma. Lakini mzee alikwishasimama mlangoni, akimwita mlinzi wa lango.

– Sentinelle! Funga portail! Munitafutie pagne!

Waliikuta nyuma ya madumu ya mafuta ya mawese. Ikatandazwa uwanjani mbele ya wafanyakazi wote, na herufi nyekundu zikasomeka: SYNDICAT YA BATUMIKAJI YA SABUNI, BUTEMBO NA BENI. TUNAOMBA SOINS KWA BAGONJWA, CONGÉ YA KUZAA, PENSION.

– Hii njo Victoire yako, mjomba akasema. Ni syndicat, chama cha batumikaji bangu. Asante kwa kuniletea.

Emérence aliinama, akasoma herufi zile tena.

– Ni weye ulimwambia? Kitsa akamuuliza polepole.

– Nilizani ni mwanamuke!

Mama Kahongya, mjane anayefunga sabuni kwenye makartoni, akashika kichwa.

– Eyi! Tulimupa jina ya mwanamuke juu Patron asisikie. Tukasahau mabibi bako na masikio.

– Mais juu ya nini kuficha? Emérence akalia. Leta, hii serikali, si iko na sheria?

– Unazani Leta njo alirota ile sheria? Kitsa akajibu. Kila pahali kwenye mutu anatunzwa akigonjwa, akizaa, akizeeka, ni batumikaji balisimama kwanza. Leta aliandika nyuma. Jacob mwenzetu aliungua macho na soda kali ya sabuni hapa. Patron alimutumia nini?

Emérence alijua. Ni yeye aliyepeleka.

– Carton moja ya sabuni, akanong'ona.

– Basi! mjomba akafoka. Emérence, ingia bureau. Andika barua ya kufukuza hawa babili, Kitsa na Ananie.

Emérence akamtazama mjomba aliyemlipia shule. Akamtazama Kitsa, ambaye alikuwa anatazama chini. Hakujua tena nani ni wake.

– Mikono yangu imekataa, Mujomba.

– Donc tokeni bote!

Wakatoka kweli, wote. Sasa, sabuni haina heshima kwa tajiri: isipokorogwa, inaganda. Jioni mapipa yalikuwa mawe matupu. Beni nao wakafunga dépôt, na wateja wakapiga simu mpaka mzee akaizima. Alhamisi akaja kwenye portail mwenyewe, mdogo kama aliyenyeshewa. Akakubali kuwaandikisha wote kwenye caisse ya sécurité sociale, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii, mama anayejifungua apumzike na mshahara wake, na Jacob apelekwe kwa daktari wa macho. Jumamosi Victoire akazaa mchana kweupe: syndicat ikatangazwa mbele ya wote.

Lakini Kitsa hakumpigia Emérence. Alituma maneno machache tu: "Papa anasema tutakuja dimanche." Emérence aliyasoma mara nyingi asione kama ni mapenzi au ni aibu ya wazee.

Jumapili mbuzi wakaja kweli. Baba yake Emérence akamuuliza kama mila inavyotaka:

– Emérence, hizi mbuzi tuzipokee?

Badala ya kujibu, akamgeukia Kitsa.

– Kama singeona ile message, ungeniambia?

Mashangazi wakashika midomo.

– Hapana, Kitsa akasema.

– Juu ya nini?

– Juu uko mutoto ya dada ya Patron. Nilikupenda, mais nilikuogopa.

– Na leo?

– Leo ningali na hasira kidogo. Na woga kidogo. Mais nitakuambia yote, hata ile itatugombanisha.

Emérence alikuwa amejiandaa kusikia uongo mtamu. Ukweli huu ulimkuta hana silaha, machozi yakamshuka.

– Papa, muzipokee.

Vigelegele havijaisha, mjomba Syauswa alikwishasimama, akashika kamba ya mbuzi mnono kuliko wote.

– Hii ni ya mujomba. Ni haki yangu, mutu asiniguse!

– Ehee! Mama Kahongya akapiga makofi kati ya wageni. Leo Patron naye ameingia syndicat!

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Kitsa naye akacheka, akamtazama Emérence usoni kwa mara ya kwanza tangu walipofukuzwa.