Fomu ya Babu Eino

Kila siku akitoka shuleni, Kaisa Saarela alivua buti zake mlangoni, akapasha moto supu, kisha akamsomea babu yake gazeti. Babu Eino alikuwa na mtoto wa jicho. Koleo la kuzolea theluji alilishika barabara, lakini herufi zilimpotea. Yeye na rafiki yake Waino walizoa theluji katika chuo kikuu cha mji wao, kaskazini mwa Michigan, na huo ulikuwa mwaka wa thelathini na moja.

Alasiri moja ya Novemba babu alileta fomu. Chuo kilitaka kujua wanafunzi, walimu na wafanyakazi wake wanaishije, ili kirekebishe penye kasoro. Kila swali lilijibiwa kwa namba: moja ni mbaya sana, tano ni nzuri kabisa.

"Haya, soma mjukuu wangu."

"'Je, mahali unapopumzika pana joto la kutosha?'"

Babu aliangua kicheko. "Banda letu lile? Juzi Waino kaanika soksi, kurudi zimekuwa mbao! Hita imekufa. Andika moja."

"Babu, wakikufukuza je?"

"Fomu haina jina, inataja mahali pa kazi tu. Andika, bwana."

Kaisa aliinamia karatasi. Alimkumbuka baba yake. Baba alilalamika kiwandani juu ya msumeno mbovu, akaachishwa kazi, na sasa alikuwa kazini mbali, jimbo la North Dakota, amebaki sauti ya simu ya Jumapili. Kaisa akatia alama kwenye tano. Akafunga bahasha haraka, babu asijue.

Januari babu alirudi kutoka mkutanoni uso umemvimba kwa hasira.

"Waino kanigeuka!" alimwambia mama yake Kaisa. "Bi Beaudry, yule mama wa utafiti, kasoma majibu mbele ya ukumbi mzima. Ati banda la theluji wamejibu wawili. Mmoja kasema baridi kali, mwingine karidhika kabisa. Kwa hiyo hawawezi kuamua, hita isubiri mwaka ujao. Wawili ni nani, kama si mimi na yeye? Mzee mzima anajipendekeza kwa wakubwa!"

"Umemwuliza lakini, baba?"

"Nimwulize nini? Kanitangulia yeye! Kaniita mramba viatu, watu wote wanasikia."

Kaisa alisikia yote. Aliacha supu yake mezani, akaenda kulala.

Jumamosi hiyo Waino hakuja kuoga mvuke katika kibanda cha mawe ya moto nyuma ya nyumba ya babu, ingawa tangu ujana wao hawakuwahi kukosa. Babu alipasha mawe, akaketi peke yake, akatoka mapema. Jumamosi ya pili hakuwasha moto kabisa. Bandani kila mmoja alikula akitazama ukuta wake.

Mwishoni mwa mwezi mama alileta habari. "Waino ameacha kazi. Nyumba keshaiuza, anahamia Duluth kwa bintiye. Anasema hana tena mtu wa kukaa naye."

Babu aligeukia dirisha, na Kaisa akaona mabega yake yakitikisika. Hapo akashindwa kuvumilia.

"Babu, ni mimi! Niliandika tano. Niliogopa utafukuzwa kama baba."

Babu alichukua kofia yake. Akasema, "Vaa koti."

Walimkuta Waino akifunga masanduku. Kaisa alikiri mbele yake huku akilia.

"Kumbe ni wewe, kipande cha mtu!" Waino alisema. Alijaribu kucheka, macho yakamlowa. Wazee wale walishikana mikono, wakachelewa kuachiana. Lakini nyumba ilikuwa imeshauzwa, na bintiye alikuwa amewasha gari, anamngoja.

Jumatatu Kaisa na babu walikwenda kwa Bi Beaudry. Mama yule alisikiliza, akavua miwani.

"Kosa si lako peke yako, binti," alisema. "Majibu ya watu wawili hayasomwi hadharani, maana wataanza kutafutana. Nilijua hivyo, na bado niliyasoma." Akaomba radhi kwa babu, akamsomea maswali upya, akaandika kila neno lake. Siku hiyohiyo alimpigia Waino simu na kumwomba radhi.

Hita mpya ilifungwa Februari. Bandani babu alikula chakula chake akiwa ametandika koti kwenye kiti cha Waino, ambacho hakikuwa na mtu.

"Sasa kuna joto, babu?" Kaisa alimwuliza jioni hiyo.

"Joto lipo." Babu alimvuta karibu. "Uliogopa kwa sababu unanipenda, najua. Lakini mficha maradhi, kilio humfichua. Watu wale walituuliza ili watusaidie, nasi tukawapa uongo. Ukiulizwa, sema lililopo. Na mtu akikuamini umwandikie maneno yake, andika yake, mjukuu wangu, usiandike ya hofu yako."