Mama wa Sare ya Kijani

Modesta ninayeimba naye kwaya si mtu wa kutunga, kwa hiyo naileta kama alivyonipa. Jumamosi ya Januari, jua linachoma hata huku milimani, alikuwa akitoka kwa fundi na sare sita za kijani za harusi ya mdogo wake. Pale Irente magari ya harusi yalikuwa yameziba njia, watu wanapiga picha ukingoni mwa mlima. Akakaa jiweni, mfuko kaufunga fundo magotini, amenuna. Matarumbeta yalilia, yakanyamaza, yakalia tena.

"Mama wa kijani, toka! Harusi hii ni ya zambarau!" mpiga picha akafoka.

Wakaingia wengine, wa pinki. Mpiga picha wao naye akapaza sauti: "We mama wa kijani, hii si harusi yako!"

Modesta akaangaza huku na huku. Hakuona mtu wa kijani; yeye mwenyewe alivaa gauni jeupe.

"Jua limewapanda kichwani," akasonya, "na mimi wananichelewesha."

Alifika nyumbani jioni, umeme umekatika. Akafungua fundo gizani, akahesabu sare kwa kupapasa. Zote sita zilikuwemo, zimekunjwa vilevile fundi alivyozikunja. Tano zilikuwa kavu. Ya sita ilikuwa na joto, na kwapani imelowa jasho.