Kabati la Droo Tano

Kila asubuhi nyumba ya Papa Valère iliamshwa na ugomvi wa nguo.

"Toa kaptula yangu!"

"Yako njo ile yenye tundu. Hii ni yangu."

"Mama! Pontien amelalia gauni langu. Tazama lilivyo!"

Valère alikuwa mpakiaji wa mizigo kwenye reli, hapa Kalemie. Yeye na mke wake, Elisabeth, walipewa nyumba ya vyumba viwili katika kambi ya wafanyakazi wa reli. Kimoja kilikuwa chao, kimoja cha watoto. Watoto wao walikuwa watatu: Pontien, Hélène na Florent, kitindamimba, mwenye miaka mitatu. Kisha vita vilianza huko Nyunzu, na dada mkubwa wa Elisabeth akafa njiani akikimbia. Binti zake wawili, Godelieve na Adrienne, waliletwa Kalemie ndani ya behewa la mizigo, wamejifunika kitenge kimoja. Godelieve alikuwa na miaka tisa. Tangu siku ile watoto watano walilala chumba kimoja, na nguo zao zote zilikaa katika gunia moja.

Zamani palikuwa na sanduku la mbao. Mchwa walilila kimyakimya. Siku Elisabeth alipoliinua, kitako kilibaki sakafuni pamoja na shuka zake za arusi.

Basi Mzungu mmoja wa bandarini alipokuwa anarudi kwao, aliuza vitu vyake kwa bei ya kutupa. Valère akarudi na kabati refu, jembamba, la kimo cha mtu mzima. Lilikuwa na droo tano za kuvuta.

"Droo tano, watoto watano," alisema Valère. "Sasa na mimi nimekuwa Mzungu. Imebaki pua tu."

"Na suruali isiyo na kiraka," Elisabeth alimjibu, na watoto wakacheka.

Elisabeth alilipokea kabati kama mama yake alivyomfundisha kupokea kitu chochote cha mbao. Alilisogeza mbali na ukuta, ili mchwa wasipate njia. Alitafuta makopo manne ya maziwa, akayatia mafuta ya taa, na kila mguu wa kabati akausimamisha ndani ya kopo lake. Kisha akapanga vitu. Katika droo ya juu kabisa alitia pasi ya makaa, sahani za wageni, na mashati mazuri ya Florent, ili wakubwa wasiyachafue. Droo za chini zilichukua nguo nyepesi za wengine.

Ugomvi wa asubuhi ulipungua kweli. Kwa wiki moja Valère alikunywa chai yake kwa amani.

Jumapili iliyofuata, kabla ya misa, Elisabeth alikuwa nje jikoni.

"Godelieve! Mvalishe mdogo wako. Lile shati jeupe."

"Ndiyo, Mama Mudogo."

Godelieve hakujua shati liko wapi. Alivuta droo ya chini, hakuliona. Alivuta ya pili, ya tatu, ya nne. Ya juu hakuifikia. Akaziacha wazi, akaenda uani kutafuta kigoda.

Elisabeth alisikia kishindo, kisha sahani zikivunjika. Alidhani ni sahani tu. Aliingia akiwa na maneno ya ukali mdomoni.

Florent alikuwa amepanda droo zilizo wazi kama ngazi. Kabati lilikuwa limelala kifudifudi sakafuni. Mkono wake mmoja tu ndio ulioonekana.

Walimzika Jumatatu.

Siku zilizofuata watu walikuja, wakakaa, wakaondoka. Elisabeth hakujua nani alikuja. Alikaa kwenye mkeka, macho yake yakitazama mlango wa chumba cha watoto, lakini hakuingia. Kabati lilitolewa nje, likatupwa uani. Godelieve alipomletea maji, maji yalibaki kwenye kikombe mpaka nzi wakaanguka ndani. Hakumpiga. Hakumtukana. Hakumtazama kabisa.

Ijumaa alimwambia mume wake:

"Alhamisi kuna gari-moshi. Godelieve arudi Nyunzu kwa baba yake mdogo."

"Elisabeth! Watu wanatoka huko, hawaendi huko."

"Nilimwambia amvalishe. Alifungua droo, akamwacha peke yake."

"Yeye ni mutoto."

"Na wangu alikuwa nini?"

Nyuma ya mlango Godelieve alisikia yote. Alichukua kitenge kile alichokuja nacho, akafunga ndani yake gauni lake moja na kitana.

Jumamosi Elisabeth aliomba kiberiti. Alitaka kulichoma kabati. Alikuwa amekwisha kuweka nyasi kavu chini yake wakati jirani yao alipopiga hodi. Huyo alikuwa Papa Abedi, fundi seremala wa pale karibu na ziwa, mzee wa ukoo wa wafanyabiashara waliokuja zamani kutoka Ujiji, ng'ambo ya ziwa.

"Mama Pontien, Mungu akupe subira."

"Umekuja kuota moto, Papa Abedi?"

"Nimekuja kuomba jambo zito. Kabla hujachoma, nionyeshe lilivyokuwa limesimama."

"Ili iweje?"

"Ili nijue lilivyoanguka. Kwangu kuna kabati kama hili, na wajukuu sita."

Valère ndiye aliyeyaleta makopo manne. Yeye na Abedi walilisimamisha kabati pale uani. Katika droo ya juu waliweka matofali, mahali pa pasi na sahani. Kisha Abedi aliuliza kwa sauti ya chini:

"Marehemu alikuwa na uzito gani?"

Elisabeth alinyoosha kidole.

"Kama ile ndoo, ikijaa mchanga."

Abedi aliijaza ndoo. Alivuta droo nne, moja baada ya nyingine. Kabati lilianza kuinama kidogo. Aliitia ndoo katika droo ya tatu, akaruka pembeni. Kabati lilianguka kwa kishindo kilekile. Elisabeth aliziba masikio.

"Samahani, mama," Abedi alisema. "Sikuwa na njia nyingine ya kukuonyesha. Droo ikifunguliwa, uzito wake unakuja mbele. Zikifunguliwa nne, kabati zima linalemea mbele. Mtoto akikanyaga, limekwenda. Hili ni refu na jembamba. Juu limebeba chuma, chini vitambaa. Halikushikwa na ukuta. Na miguu yake iko kwenye makopo yanayoteleza."

"Makopo ni ya kuzuia mchwa. Sisi wote tunafanya hivyo."

"Wote, ndiyo. Hata mimi. Yanafaa kwa kabati fupi la chakula, na hata pale utie maji, usitie mafuta ya taa. Mtoto anayetambaa akiyanywa, yanamharibu mapafu. Lakini kwa kabati refu, makopo ni mtego."

"Godelieve angekuwa amesimama pale, angeweza kulizuia?" Elisabeth aliuliza.

"Hapana. Ungezika wawili."

Elisabeth aliyatazama makopo. Aliyatafuta mwenyewe. Aliyaosha mwenyewe. Mashati aliyaweka juu mwenyewe. Kwa siku sita alikuwa na mtu wa kumlaumu, na lawama ile ilimshikilia asianguke. Sasa hakuwa na mtu. Alikaa chini mavumbini, akalia kuliko alivyolia makaburini.

"Lichome," alisema. "Lichome, Papa Abedi. Sitaki kuliona."

"Watoto wanne bado wanavaa nguo. Nikilichoma, Valère ataleta lingine, na litasimama kama hili. Niachie mpaka Jumatano."

Abedi alilikata kabati kwa msumeno. Likawa makabati mawili mafupi: moja la droo tatu, lingine la droo mbili. Hakuna lililomfikia Pontien kifuani. Nyuma ya kila droo alipigilia kipande cha mti, ili isivutike zaidi ya nusu. Miguu na kitako alipaka oli chafu ya mashine, ya kufukuza mchwa, akaanika juani siku mbili mpaka ikakauka na harufu ikapungua.

Jumatano waliyaingiza chumbani. Elisabeth alisimama mlangoni. Makopo hayakuwekwa tena. Kila kabati lilikaa juu ya matofali mapana, yaliyolala sawasawa. Abedi alichukua ukanda wa chuma wa pipa la zamani, akaukata, akafunga kila kabati kwenye ukuta, juu, pande mbili.

"Na mchwa wakipita ukutani?" Valère aliuliza.

"Nimeacha nafasi ya vidole viwili. Kila Jumamosi mmoja wenu achungulie nyuma na taa. Akiona njia ya udongo, aivunje. Ni kazi ya dakika mbili. Vitu vizito vikae droo za chini. Kila mtoto awe na droo anayoifikia bila kupanda. Na ifunguliwe moja tu, ifungwe, ndipo nyingine."

Kisha alitoa rangi kidogo iliyobaki kwenye kopo.

"Adrienne hajui kusoma. Kila mtu aseme nimchoree alama gani, asifungue droo ya mwenzake."

Pontien alitaka gari-moshi. Hélène alitaka samaki.

"Ndakala au mgebuka?" Abedi alimtania.

"Mgebuka! Ndakala ni kadogo."

Adrienne alitaka kuku, akaonyesha kwa mikono jinsi kuku alivyo mnene.

"Na wewe, binti yangu?"

Godelieve alikuwa pembeni, karibu na dirisha.

"Mimi hapana, Papa. Mimi kesho naondoka."

Elisabeth aliona kitenge kilichofungwa miguuni pa mtoto. Yeye alikuwa amekwisha kuelezwa habari ya kabati tangu Jumamosi. Lakini hakuna mtu aliyemweleza Godelieve. Kwa siku kumi mtoto huyu alikuwa amebeba maiti peke yake.

Elisabeth aliingia chumbani. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ile Jumapili. Alipiga magoti mbele ya Godelieve.

"Si wewe," alisema. "Unanisikia? Mimi njo niliweka makopo. Mimi njo niliweka shati juu."

"Nilikwenda kutafuta kigoda, Mama Mudogo. Nilikwenda mbio."

"Najua."

"Nilikipata. Nilikuwa nakuja nacho."

Elisabeth alitaka kusema neno jingine, akashindwa. Alifungua kitenge. Ndani mlikuwa na gauni moja na kitana. Aliviweka katika droo ya nne kwa mikono yake, akaisukuma mpaka ikafunga.

"Mchoree jani la muhogo," alimwambia Abedi. "Kwao walilima muhogo."

Droo ya tano haikuchorwa kitu. Abedi alifunga kopo lake la rangi bila kuuliza.

Wiki zile Abedi alizunguka kambini na vipande vya chuma vya mapipa, akifunga makabati ya watu kwenye kuta. Kwake mwenyewe ndiko alikoanza. Wanawake walikuja kwa Elisabeth kutazama makabati mafupi ya watoto. Aliwaonyesha, ingawa kila mara aliishia katikati, na Valère akamalizia. Mchwa walionekana mara moja, nyuma ya kabati lenye alama ya mgebuka. Pontien aliivunja njia yao kwa fimbo.

Florent hakurudi, na hakuna msumeno wa kurekebisha hilo. Elisabeth bado alikuwa na asubuhi ambazo hakutaka kuamka. Lakini kila siku, watoto walipomaliza kuvaa, alisikia Godelieve akipita droo moja moja, akizisukuma kwa kiganja. Kisha sauti yake ilitoka chumbani, kubwa kuliko ilivyohitajika:

"Mama, nimefunga zote!"

Na Elisabeth, hata kama alikuwa analia, aliacha kila kitu na kumjibu:

"Nimesikia, mwanangu. Njoo unywe chai."