Ukurasa wa Saba

Siku Nadine Ndayiragije alipokutana na Saady, alikuwa amekunja uso tangu saa tatu asubuhi. Umeme ulikuwa umekatika Kasulu nzima, na duka la steshenari la Asia, jirani na stendi, ndilo pekee lenye jenereta. Watu walijaa hadi barazani: walimu na mitihani yao, wanachuo na fomu zao, mama mmoja na hati ya shamba aliyoishika kwa mikono miwili. Na mbele yao wote alisimama kijana mrefu, shati jeupe lililonyooka kwa pasi, anatoa kopi za kitabu kizima.

"Kaka, unafungua maktaba?" Nadine alimuuliza.

Watu wakacheka. Kijana akageuka, akamwona msichana mweusi wa kung'aa, gauni la kitenge cha rangi ya machungwa limemkaa kiunoni, flashi ameibana kwenye ngumi kama mtu anayeogopa kuporwa.

"Zimebaki kurasa sitini tu, dada."

"Sitini! Jenereta ya Asia itazimika kabla yako."

"Basi tangulia, mrembo. Nisije nikalaaniwa bure."

Akatangulia, na asante hakusema. Karatasi zilipoanza kutoka, jicho la kijana likatua kwenye ile ya juu: Andiko la Mradi wa Kuwasomesha Wasichana Walioacha Shule, Rungwe Mpya. Akaguna. Nadine akaiziba kwa kiganja.

"Umeguna nini?"

"Hii ndiyo kazi yangu. Naitwa Saady, nipo Mfuko wa Chipukizi, ofisi ya Kibondo. Tunatoa ruzuku za elimu ya vijana. Na hilo andiko lako, samahani sana, ukilileta hivyo litarudi siku hiyohiyo."

Nadine angekuwa na akili siku hiyo angemtukana, akapanda gari akarudi kwao Rungwe Mpya. Lakini alikuwa na wasichana thelathini na wanane wanaosoma chini ya turubai, vitabu vinne, na ubao uliopasuka. Akauliza, "Lina kasoro gani?" Na kwa swali hilo akajiingiza mwenyewe.

Walipendana haraka. Saady alikuwa mtoto wa Kasulu, wa familia ya wauza vitambaa yenye asili ya Tanga, na maneno alikuwa nayo. Siku za kazi alikuwa Kibondo, kwa hiyo mapenzi yao yalikaa zaidi kwenye simu.

"Umekula, kipenzi?"

"Nimekula ugali na mboga za lenga lenga. Wewe utakula nini ukija kwetu Krismasi?"

"Nitakula macho yako."

"Hayashibishi. Na mama yangu anapika na mafuta ya mawese, utalalamika."

"Silalamiki kitu mimi. Nisomee ukurasa wa nne, niusikie tena."

Ndivyo walivyotongozana, kwa bajeti na malengo mahususi. Jumamosi Saady alikuja Kasulu, wakakaa kwenye mgahawa wa nyuma ya soko, wakafuta sentensi na kuandika nyingine. Sheria za ofisi yake zilimkataza kumsaidia mwombaji. Alizivunja huku akipiga mluzi, akisema si yeye anayetoa alama.

Jumamosi moja, chai ya maziwa ikiwa imepoa mbele yao, alimuuliza, "Kwa nini wasichana walioacha shule? Kuna miradi mingi rahisi."

Nadine akamwambia. Hakuwahi kumwambia mtu. Alikuwa kidato cha pili, miaka kumi na sita, alipopata mimba ya kijana mmoja wa duka la mbao aliyehama siku alipoambiwa. Shule ikaisha. Mama yake, Immakulata, akampeleka kwa shangazi yake Kibondo, na yeye mwenyewe akaanza kujifunga vitambaa tumboni, akizidisha kimoja kila wiki mbele ya majirani. Siku zilipotimia, akafuata mtoto Kibondo, akarudi naye mgongoni akisema Mungu amemkumbuka uzeeni. Mtoto huyo ni Divine. Sasa ana miaka kumi na mmoja, na Nadine humwita dada.

"Hata padri sijamwambia," alisema.

Saady alilia. Machozi ya kweli, mbele ya watu, mwanaume mzima na shati lake jeupe. Nadine akampenda siku hiyo kuliko siku zote.

Wiki ya mwisho ya kupokea maandiko, malaria ikamlaza Nadine. Alimtumia Saady flashi kwa dereva wa basi.

"Nimeinyoosha kidogo ile sehemu ya simulizi ya mnufaika," Saady alimwambia kwenye simu. "Ulikuwa umeweka mistari miwili ya yule mwanafunzi wako Rosa na daftari lake."

"Si ndiyo ukweli wake?"

"Ukweli upo, utamu hakuna. Niachie mimi. Unaniamini?"

"Nakuamini. Kichwa kinaniuma, Saady, tuma."

Akatuma. Baada ya miezi miwili jibu likaja: andiko la Rungwe Mpya lilikuwa la kwanza kati ya maandiko hamsini na moja. Nadine alipiga kelele hadi kuku wakatawanyika. Immakulata akacheza uani, na Divine akacheza naye.

Kulikuwa na sharti moja tu. Kabla fedha hazijatoka, andiko lisomwe kwenye mkutano wa kijiji, wananchi waridhie. Saady alilijua sharti hilo, na halikumtisha. Kote alikopita, mtendaji husoma jina la mradi na kiasi cha fedha, watu wanapiga makofi, soda zinafunguliwa. Ila Rungwe Mpya hakuwa amefika. Wale ni watu walioingia nchi hii wakimbizi kutoka Burundi, wakiandikwa kwenye orodha ambazo hawakusomewa, wakasubiri uraia kwa miaka na miaka wakiambiwa makaratasi yapo njiani. Tangu siku walipoupata, karatasi haipigiwi makofi kwao mpaka isikike hadi mstari wa mwisho.

Siku ya mkutano Saady alikaa meza kuu, kanzu nyeupe, kofia ya mkono. Nadine alivaa kitenge kipya cha kijani. Mtendaji alipotafuta miwani yake, Nadine akasimama kwa furaha.

"Asome mdogo wangu Divine. Ndiye anayeongoza kusoma darasa la tano."

Saady akageuza shingo upesi, lakini makofi yalikuwa yameshapigwa. Divine akaja mbele na sare yake ya shule, soksi amezivuta hadi magotini. Akasoma kwa sauti kavu, safi, bila kujikwaa. Watu walitikisa vichwa kwa kuridhika. Alipofika ukurasa wa sita, Saady akasimama.

"Inatosha, mtoto mzuri. Yaliyobaki ni mambo ya ofisi tu."

Mzee Habonimana, mbele kabisa, akainua fimbo. "Afisa, kaa. Sisi tumesomewa nusu nusu miaka mingi. Mwana wanje, mwanangu, soma yote."

"Ego! Ndiyo, asome!" watu wakaitikia.

Divine akafungua ukurasa wa saba. "Simulizi ya mnufaika. Neema, si jina lake halisi, alikuwa kidato cha pili alipopata ujauzito. Mama yake alimficha Kibondo kwa shangazi. Yeye mwenyewe alijifunga vitambaa tumboni, akawaambia majirani kwamba anatarajia mtoto uzeeni."

Wanawake waliokuwa wakinong'ona wakageuka kumtazama Immakulata. Nadine akainua mkono kumzuia, lakini macho ya Divine yalikuwa kwenye karatasi. Mtoto aliendelea, kwa sababu alikuwa msomaji mzuri na walimu wake walimfundisha kutosimama katikati.

"Leo mtoto huyo ana miaka kumi na mmoja. Anaishi Rungwe Mpya. Anamwita mama yake mzazi dada, na bibi yake anamwita mama. Hajui."

Neno la mwisho alilisoma polepole. Kisha akasoma hata mstari wa chini, ule wenye namba ya ukurasa. Akakunja karatasi, akamtazama Immakulata, akatazama tumbo lake. Kwa Nadine hakugeuka.

Mkutano ukapiga kura, kwa kuwa ndicho kilichowaleta. Mradi ukapita bila kupingwa.

Saady alipiga simu siku tisa. Siku ya kumi Nadine akapokea.

"Nilibadilisha jina, Nadine. Wallahi nilibadilisha."

"Ulibadilisha jina langu. La kijiji je? Vitambaa je? Kuna mama mwingine aliyezaa uzeeni hapa?"

"Nilijua watakaosoma ni wale wa ofisini tu. Wale wanataka machozi, mpenzi. Andiko lako lilikuwa na vitabu na madawati. Lisingepita."

"Bora lisingepita."

"Na wale wasichana thelathini na wanane?"

Hapo alimweza, na alijua amemweza. Nadine akakata simu. Fedha zilitoka, madawati yakashushwa, na kila asubuhi alisimama mbele ya ubao mpya, wazazi wakipita njiani wakipunguza mwendo wamwone Neema.

Wiki ya tatu Saady akaja Rungwe Mpya na shangazi yake, Mwanahawa, barua ya posa ndani ya bahasha. Immakulata aliwakaribisha sebuleni, akawapa viti, akakaa pembeni. Divine alikuwa uani, anachambua maharage.

"Mwanetu amekosa," Mwanahawa alisema. "Hatukuja kulikana kosa. Lakini amekosa kwa kupenda. Anamtaka binti yenu, na mtoto atamlea kama wake."

Nadine alimtazama Saady. Alikuwa amekonda, kola ya shati imemlegea. Bado alimpenda, tusidanganyane. Kwa wiki tatu alikuwa akijiapiza kumfukuza, na sasa kule kumwona tu kulimfanya atake kwenda kumwekea kichwa begani mbele ya wazee. Neno ndiyo lilikuwa limeshamfika mdomoni.

Mwanahawa, kwa nia njema kabisa, akaita, "Divine! Njoo, mwanangu. Mama yako akiolewa na huyu, utafurahi?"

Mtoto akaja hadi mlangoni, ungo mkononi. Tangu siku ya mkutano alikuwa anajibu akiulizwa na anakula akipewa, ila hakuwa amemwita mtu yeyote mle ndani mama wala dada.

"Sijui," alisema. Akamwonyesha Immakulata kwa kidevu. "Muulizeni mama yake."

Immakulata alikuwa ameitwa mama na mtoto huyo kwa miaka kumi na mmoja. Akajifunika uso kwa kitenge, mabega yakaanza kutikisika. Divine akarudi uani.

Nadine akaichukua bahasha mezani, akamrudishia Saady mkononi.

"Nadine, tafadhali."

"Nakupenda, Saady. Ichukue."

"Kama unanipenda, kwa nini?"

"Kwa sababu kila nitakapofurahi na wewe, yeye atakuwa anaangalia."

Saady akaitia bahasha mfukoni. Shangazi yake akamshika mkono. Wakatoka, na Nadine hakuwasindikiza hata hatua moja, jambo ambalo kwao hakuna mgeni anayefanyiwa.

Alipokwisha kusikia pikipiki zao zikiondoka, akaenda uani. Akaketi kwenye kigoda mbele ya Divine, akachota maharage kiganja kimoja kutoka kwenye ungo, akaanza kuchambua naye. Divine alimwacha achambue yale aliyochota. Kisha akanyanyua ungo, akahamia upande wa pili wa ua.