Mbuzi Aliyebebeshwa Kosa

Mwaka ule wa 1975, asubuhi zetu pale Kibamba zilifanana. Mie nawasha moto, baba watoto anakwenda zamu ya shamba la kijiji, na binti yangu Felicitas anampeleka mbuzi kwenye majani, kisha anaoga na kwenda shule. Mbuzi tulikuwa naye mmoja tu, beberu mweupe. Yeye ndiye tuliyemtegemea atupatie bati za nyumba.

Feli alikuwa darasa la tano. Jumatano jioni alikwenda mafundisho ya komunyo ya kwanza kwa katekista wetu, Mzee Projestus, fundi baiskeli.

Jumatano moja alirudi kimya, hata ugali hakuugusa. Nikamshika paji la uso. Sie wanawake wenye watoto kila kitu tunakiona homa.

"Shuleni kuna nini?" nikamuuliza.

"Mbegu za karanga zimepungua ghalani. Hamisa ndiye mwenye ufunguo. Wanamwita panya. Ijumaa baba yake anaitwa, halafu atachapwa mbele ya shule nzima."

Hamisa alikuwa mtoto wa jirani yetu, Mzee Mwinshehe, na shoga yake Feli tangu wakiwa wadogo. "Maskini, mtoto mwema vile," nikasema. Feli akainamisha kichwa.

Kesho yake mchana nikakuta kamba imelala chini na mbuzi hayupo. Nilizunguka kijiji kizima nikiuliza, hadi miguu ikavimba. Feli aliporudi shule nikamuuliza, akasema hajui.

Magharibi nikiwa jikoni nikasikia mtu anavuta kanga yangu. Kugeuka, beberu huyo, miiba imejaa manyoyani, anatafuna pindo kama hakuna lililotokea. Mie nikamshukuru Mungu. Feli akarudi nyuma hadi ukutani, akaanza kulia.

"Mama, mfukuze. Kanirudishia."

"Kakurudishia nini?"

"Karanga."

Ndipo akasema yote. Kila alipomsaidia Hamisa kufagia ghala alichota mbegu kidogo akala, hadi kikatimia kama kibaba. Hamisa alipoanza kusingiziwa, yeye akanyamaza. Kisha kwa katekista wakasimuliwa juu ya mbuzi wa Azazeli, ambaye Waisraeli walimtwika dhambi zao na kumpeleka nyikani.

"Nikamwekea mikono kichwani, mama, nikamwambia kosa langu, nikamwacha ng'ambo ya korongo."

Nilitaka kucheka. Halafu nikakumbuka kuwa korongo lile lina fisi, na mwanangu alikwenda huko peke yake alfajiri. Nikaketi chini, nikamkumbatia, nikamgombeza huku nimemkumbatia.

Ijumaa kabla ya shule tulimkuta Mzee Projestus akiziba pancha.

"Shikamoo, katekista."

"Marahaba. Mbona mapema, Mama Feli?"

"Nimekuja unieleze umemfundisha nini mwanangu. Kidogo nipoteze mbuzi na mtoto."

Feli akaeleza. Mzee akasikiliza hadi mwisho, masharubu yakimcheza.

"Umesikia nusu ya somo, binti yangu. Mbuzi yule hakuwa wa kufichia kosa. Kuhani aliliungama, na watu wote walijinyima siku ile. Na aliyechukua kitu cha mwenzake aliambiwa akirudishe chote, aongeze na sehemu ya tano, ndipo alete kondoo wa sadaka. Tena kondoo mzima asiye na kilema, siyo yule aliyemchoka."

"Na sisi tutoe nini?"

"Sisi Mwanakondoo wetu ni Yesu. Alijitoa mwenyewe, mara moja, kwa ajili ya wote, ndiyo maana hatuchinji tena. Lakini yeye huyo alisema, ukileta sadaka yako ukakumbuka ndugu yako ana neno nawe, iache hapo, kapatane naye kwanza. Nani ana neno nawe?"

"Hamisa. Lakini yeye Mwislamu."

"Kwani fimbo haitamuuma?"

Feli alikimbia nyumbani, akarudi na kopo la karanga alizolima mwenyewe pembeni ya nyumba. Alikuwa anaziweka ili tuziuze, tumnunulie viatu vya komunyo. Akapima kibaba kimoja, akaongeza konzi mbili juu yake. Kopo likabaki na chache za kutikisika.

Shuleni tulimkuta Mzee Mwinshehe amesimama na kofia mkononi, na Hamisa amevimba macho. Feli akamwamkia mzee, akaweka karanga mezani kwa Mwalimu Adelina.

"Mwalimu, panya ni mimi. Hamisa hakuchukua hata moja."

Mwalimu alimpa adhabu ya kumwagilia bustani mwezi mzima, akamrudishia Hamisa ufunguo. Hamisa akaupokea, lakini hakutabasamu.

"Wiki nzima wananiita panya," akamwambia Feli. "Nenda ukawaambie na wao."

Feli akaenda, dawati kwa dawati, akawaambia. Alipomaliza, Hamisa akasogea kidogo kwenye benchi lake ili mwenzake apate pa kukaa.

Mzee Mwinshehe akavaa kofia yake. "Mama Feli, mtoto wako kaniheshimisha."

Jumapili ya komunyo ilipofika, Feli aliipokea akiwa na viatu vyake vya zamani, na sijapata kumwona ametulia vile.

Nanyi watoto mnaosoma haya, nawaonya kama mama. Kosa halipelekwi porini. Mwombeni Mungu msamaha, kisha mwendeeni mliyemkosea, mapema, kabla hajaadhibiwa kwa ajili yenu, na mrudishe kilicho chake. Na korongoni msikanyage.