Baba ya Bantu na Kitunga cha Jumamosi

Sikilizeni, wazazi wenzangu, hasa ninyi akina baba mnaopenda kusifiwa barabarani. Nitawaeleza habari za Lucien wa Katuba. Mkicheka, chekeni kidogo tu, maana huenda mkawa mnajicheka wenyewe.

Miaka ile mji wetu ulikuwa bado unaitwa Elisabethville, na Katuba ilikuwa mpya, kuta za nyumba hazijakauka vizuri. Pembeni mwa mtaa palikuwa na kiwanja ambacho padri mmoja alikiombea kibali, na watu wakapaita Jardin, yaani bustani kwa Kifaransa. Katikati lilisimama banda la bati, na humo mtu yeyote aliyetaka kuchora alipewa rangi. Kulizunguka banda kulikuwa na matuta ya mboga. Sharti lilikuwa moja: ukichora, ulime pia. Jumamosi alasiri ungewakuta wanawake wakipalilia lengalenga, mchicha wa kwetu, huku wakitaniana, vijana wakichora ndege na mamba ukutani, na sufuria kubwa ya bukari, yaani ugali, na maharagwe ikichemka kwa ajili ya kila aliyepita na njaa. Ilikuwa raha kweli.

Tena palikuwa na desturi nzuri. Nyumba iliyopungukiwa ilitundika kitunga kitupu kwenye uzio, na wakulima wakakijaza mboga. Kisha Mama Kapinga, mama wa Kikasai aliyesimamia matuta, aligonga kipande cha reli kilichoning'inia mlangoni. Hapo wote waliingia bandani na kugeukia ukuta, mpaka wenye vitunga wachukue na kwenda zao. Hakuna aliyeuliza hiki ni cha nani. Aibu ya jirani ilisitiriwa.

Lucien ndiye aliyekuwa nguzo ya Jardin. Alikuwa fundi kwenye karakana ya magari-moshi. Kila Jumamosi alipopokea posho ya nyumba yake, unga, maharagwe, karanga na samaki wakavu, aliitupia begani na kuipeleka moja kwa moja kwenye sufuria ile ya wote. "Kuleni, bandugu, mushibe!" alisema, na watu wakamwita Baba ya Bantu, yaani baba wa watu. Jina hilo lilimlevya kuliko pombe.

Na nyumbani kwake? Nyumbani alipeleka kilichobaki, na mara nyingi hakikubaki kitu. Mkewe, Hortense, alikuwa amemwambia si mara moja wala mbili: "Baba Clovis, mutoto hana nguvu. Anakaa tu chini, hacheze. Na nywele yake inageuka." Lucien alimjibu akiwa ameshashika mlango: "Kesho tutaangalia." Kesho hiyo haikufika. Hortense angemshtaki kwa nani? Nani angesadiki kwamba mtu anayelisha mtaa mzima ana mtoto anayekufa njaa?

Basi Jumamosi moja kitunga kigeni kilionekana uzioni. Kilikuwa kidogo, kimesukwa kwa ukili mweusi na mwekundu, na mshikio wake umefungwa kwa kamba ya gunia. Lucien alikipenda mara tu alipokiona. Akakichora ukutani, watu wakamsifu. Juma lililofuata kikarudi, na juma jingine tena, ndipo udadisi ukaanza kumwasha.

"Mama Kapinga, hii kitunga iko ya nani?"

"Apa hatuulizake vile," Kapinga alijibu bila kuinua kichwa.

"Sitaki kumupatia haya. Nataka kujua tu. Bwana yake iko wapi? Ule mwanaume iko mulevi, miye nakuambia! Anakunywa posho yake yote, bibi anabakia na kitunga."

Kapinga alimtazama kidogo. "Pengine hanywake," akasema. "Jaza mboga, Baba Clovis."

Lucien alikijaza mwenyewe, akichagua majani mororo kuliko yote. Alimhurumia sana mwanamke yule, na mume wake alimchukia bila kumjua. Hata akawa anamwandalia maneno huku akimwagilia matuta: "Bwana, weye uko baba ya namna gani?" Alilipenda neno hilo, akalirudia mpaka likamkaa vizuri mdomoni.

Jumamosi ya nne uvumilivu ulimwishia. Kapinga alipogonga reli, wote waligeukia ukuta, lakini Lucien alisogea hadi kwenye tundu la msumari katika bati. Akamwona mwanamke aliyejifunika kikwembe cha manjano mpaka machoni. Mwanamke alikitwaa kitunga na kutoka kwa njia ya nyuma. Lucien akanong'ona kwamba anaenda kukojoa, akamfuata kwa mbali.

Mwanamke alipita penye bomba la maji bila kusimama kusalimu. Akakata kona kwa fundi baiskeli. "Aba!" Lucien alijisemea. "Kumbe anakaa upande wetu!" Moyo ukamdunda kwa hamu. Sasa angemjua yule mlevi. Akawapitia majirani mmoja mmoja kichwani. Donat? Hapana, Donat hagusi pombe. André? Mke wa André ni mrefu kuliko huyu. Nani basi?

Mwanamke akaingia katika uwanja wa Lucien mwenyewe.

Na mnajua aliwaza nini, ndugu zangu? Aliwaza hivi: "Kumbe anajuana na Hortense! Hortense ataniambia yote." Naam, mtu akishajiona mwema, hata mlango wake haumwambii kitu.

Akaingia mbio. Ndani hapakuwa na mgeni. Hortense alikuwa ameketi mkekani anachambua mboga, na kikwembe cha manjano, alichoazima kwa jirani, kimelala kando yake.

"Ule mwanamke iko wapi?"

"Mwanamke gani?"

"Mwenye kitunga."

Hortense aliinua macho. "Baba Clovis, ile kitunga ilitoka kwa mama yangu, kule Kongolo. Weye mwenyewe uliibeba ndani ya treni siku ulinileta huku. Mushikio ulikatika, nikaufunga."

Aibu ilimpanda Lucien mwili mzima, asijue aangalie wapi, na macho yake yakamwangukia mwanawe. Clovis alikuwa amekaa sakafuni, ameegemea ukuta. Mtu huyu aliyewachora watoto wote wa mtaa aliona kwa mara ya kwanza kwamba nywele za mtoto wake mwenyewe zimekuwa nyekundu kama kutu. Uso umemvimba, na nyayo zinang'aa. Akamgusa mguu kwa kidole, na alama ya kidole ikabaki pale pale, imebonyea.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia," Hortense alisema. "Ulikuwa unatoka."

Lucien alimbeba mtoto, akakimbia naye hadi hospitali ya weusi, Hortense nyuma yake. Muuguzi, jina lake Musonda, alimlaza Clovis kitandani na kuuliza: "Iko na myaka ngapi? Asubuhi alikula nini?" Lucien alifungua kinywa, kisha akamgeukia mkewe. Hortense ndiye aliyejibu yote.

"Majani iko muzuri," Musonda alisema, "lakini majani peke haitoshe. Huyu anakosa maharagwe, samaki, maziwa. Mungekawia kidogo, mungeniletea maiti. Baba yake hafanye kazi?"

"Anafanya," Lucien alisema. "Na posho anapata. Baba yake ni miye."

Clovis alibaki hospitalini, Hortense akilala chini ya kitanda chake. Jumamosi iliyofuata Lucien alipokea posho yake na kupita mbele ya Jardin bila kuingia. "Baba ya Bantu, unatupita?" waliita. "Ninapita," alisema. Nyuma yake akasikia mmoja anacheka: "Amekuwa muchoyo sasa!" Iliuma, lakini hakugeuka. Akaenda kupika maharagwe na samaki kwa mikono yake, akayaunguza kidogo, akayapeleka hospitalini.

Clovis alikuwa ameanza kuketi. Alipomwona Lucien anakuja na bakuli, alimvuta mama yake nguo.

"Mama, ule baba anatafuta nani?"

"Nakutafuta weye," Lucien alisema, machozi yakimtoka.

Mtoto alificha uso kifuani mwa mama. Hortense akapokea bakuli, na yeye ndiye aliyemlisha. Lucien akakaa sakafuni kando ya kitanda, na hakuna aliyemfukuza. Alirudi kesho yake, na kesho yake tena, na mvua za kwanza zilikuwa zimeshanyesha kabla Clovis hajakubali kupokea kijiko kutoka mkononi mwake.

MAFUNZO

Wazazi, sisemi tufunge sufuria ya Jardin. Ilisaidia wengi, na baadaye Lucien alirudi huko, akipeleka jasho lake kwenye matuta. Ninasema hivi: chakula cha mtoto wako si chako cha kujitafutia jina. Kabla hujatoka kuwalisha wengine, rudi kwanza nyumbani, umtazame mtoto wako mwangani. Mke akikuambia "mtoto hana nguvu", achilia mlango, ukae, usikilize.

Na ninyi mliokula, msijitoe. Mlishiba, mkashangilia, wala hakuna aliyemwuliza Lucien swali dogo tu: "Kwako wamekula?" Kuanzia leo, mtu akiwapa, shukuruni, kisha mwulizeni.